Steringi Alipokufa

 Nazungumza redioni kutoka mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Leo nataka tuzungumze kuhusu sinema za zamani, zile tulizozitazama tukiwa wadogo na mpaka leo hazijatutoka.

Aliyekulia katika mji huu anaijua sheria moja ya sinema ambayo haikuandikwa popote: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atasukumwa bondeni, nyumba itamwangukia, risasi zitamnyeshea kama mvua ya Aprili, lakini hafi. Kama mtoto alianza kulia kwa hofu, mkubwa aliyekaa karibu naye alimnong'oneza sheria hiyo na mtoto akanyamaza. Ilijulikana West Indies, ilijulikana Langas na Huruma, na sidhani kuna mtaa wowote wa Afrika Mashariki ambako haikujulikana. Tuliiamini kwa sababu karibu kila filamu iliyotufikia iliitii.

Kisha ikaja Sholay, na steringi akafa.

Najua kuna msikilizaji anayenisahihisha hivi sasa. Anasema masteringi walikuwa wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, na kwamba Dharmendra, yaani Veeru, alibaki hai. Ni kweli. Lakini muulize yeyote aliyeitazama filamu ile utotoni ni nani alikuwa wake, naye atakwambia ni Jai, yaani Amitabh, yule mrefu, mwenye maneno machache, aliyekaa nje jioni akipuliza kinanda cha mdomo huku mjane wa nyumba walikofikia akizizima taa moja moja. Jai ndiye aliyekufa. Alibaki peke yake darajani kulizuia genge zima la majambazi huku risasi zikimwishia, akafia mikononi mwa rafiki yake. Hapo ndipo Veeru alipogundua kwamba ile sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha kila walipotakiwa kuamua jambo ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Kila mara waliposhindana nani aende kwenye hatari na nani abaki salama, Jai alikuwa amekwisha kuamua. Sarafu ile haikuwa na namna ya kumshinda.

Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975. Mwongozaji wake alikuwa Ramesh Sippy, na hadithi iliandikwa na wawili waliojulikana kwa jina moja la Salim–Javed, yaani Salim Khan na Javed Akhtar. Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe ni hii: Thakur, afisa wa polisi aliyestaafu, aliwahi kumkamata jambazi aitwaye Gabbar Singh. Jambazi akatoroka gerezani, akaiua karibu familia yote ya Thakur, kisha akamkata Thakur mwenyewe mikono yote miwili. Mzee huyu asiye na mikono anawaajiri wezi wawili wadogo, Jai na Veeru, kwa sababu aliwahi kuwaona siku ya hatari na akajua kwamba chini ya wizi wao kuna ushujaa. Anataka Gabbar akamatwe akiwa hai.

Wanakijiji wanaonyanyaswa na majambazi wanaomba msaada kwa watu wanaojua kupigana: wazo hilo halikuanzia India. Mwaka 1954 Akira Kurosawa wa Japani alikuwa amelitengenezea filamu, Seven Samurai, na mwaka 1960 Wamarekani wakaligeuza kuwa hadithi ya wapanda farasi katika The Magnificent Seven. Kwa Kurosawa, wapiganaji wanne kati ya saba wanazikwa kabla filamu haijaisha. Kwa hiyo wazo lilisafiri kutoka Japani, likapita Marekani, likafika India, na kutoka India likatufikia sisi huku Uasin Gishu, nasi tukalipokea kana kwamba limezaliwa jirani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Filamu ile ilipotoka haikupokelewa vizuri. Siku za mwanzo wakosoaji waliiponda, na watu wa biashara ya sinema wakasema fedha zimepotea. Waliohusika nayo wakakaa kikao wakajiuliza wafanye nini, na moja ya mapendekezo yaliyotolewa lilikuwa kupiga upya mwisho wake ili Jai aishi. Amitabh alikuwa ameanza kuwa nyota mkubwa, na ilidhaniwa kwamba watu hawakutaka kumwona akifa. Yaani nusura warudi kwenye sheria yetu. Sippy akaamua wasubiri kidogo. Wakasubiri, na habari za filamu zikaanza kuenea kwa mdomo, mtu akimwambia mwenzake, mpaka katika jumba la Minerva kule Bombay ikaonyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo.

Miaka mitano, msikilizaji. Watu waliofika Minerva mwaka wa tatu na wa nne hawakwenda kujua nini kitatokea. Walikwisha kusimuliwa yote. Wengi walikuwa wameiona tayari, wengine mara nyingi. Walijua sarafu ina nini, walijua nani atabaki pale darajani. Wakalipa kiingilio, wakaketi, wakalia tena.

Mimi naona hapo ndipo filamu inayodumu inapojitenga na filamu ya kupita. Filamu ya kupita huishi kwa siri yake: ukishajua nani muuaji, imekwisha, huna haja nayo. Filamu inayodumu haina siri, au ina siri isiyopungua kwa kujulikana. Ni kama hadithi za bibi. Mjukuu anajua fisi atapigwa, anajua sungura atapona, na bibi akiruka hata neno moja anamrudisha nyuma alitamke. Hataki habari. Anataka kuwepo pale jambo linapotokea, na anataka awepo pamoja na bibi.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda, labda kwa sababu mimi ni mtu wa redio. Filamu za Kihindi zilikuwa zikitolewa pamoja na sahani za santuri za nyimbo zake, na watu walizinunua sana. Kwa Sholay, kampuni ya santuri iligundua kwamba watu wanatoka ukumbini wakiyakariri maneno ya waigizaji kuliko nyimbo, ikatoa santuri ya mazungumzo matupu. Maneno ya Gabbar, maneno ya Basanti mwendesha gari la farasi. Ikauzika kwa wingi sana. Watu wakawa wanaisikiliza filamu bila kuiona, sebuleni, kama mnavyonisikiliza mimi sasa, na kila mmoja akijionyesha picha kichwani mwake.

Tujiulize basi: sisi ambao hatukujua Kihindi, filamu zile zilituingiaje?

Zilituingia kwanza kwa sababu hatukuwa peke yetu. Hilo nalisema kwa mkazo, maana siku hizi kila mtu ana simu yake na anatazama chake, amejifunika blanketi, vifaa viwili masikioni. Zamani hizo gari la sinema lilifika likitangaza kwa kipaza sauti mchana kutwa, na jioni pazia jeupe likatundikwa uwanjani, watu wakakaa chini kwenye nyasi. Tulipitia matangazo ya sabuni na ya dawa za kichwa ndipo tukafikia picha yenyewe, na hakuna aliyelalamika. Waliochelewa walikaa upande wa pili wa pazia wakaitazama kinyumenyume, wapiganaji wakishika panga kwa mkono wa kushoto.

Baadaye yakaja madeki ya video. Katika mtaa kama huu wetu, nyumba yenye televisheni na deki haikuwa ya mwenyewe siku ya Jumapili. Viatu vilijaa mlangoni. Watoto walikaa sakafuni mbele, akina mama kwenye viti, vijana wamesimama ukutani, na wengine madirishani wakiomba pazia lisogezwe kidogo. Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mhindi, Msomali, wote macho kwenye kioo kimoja. Na stima ikipotea wakati Jai anaelekea darajani, hakuna aliyeondoka. Tulikaa gizani tukabishana kuhusu yaliyotangulia, na aliyekwisha kuiona alilazimishwa kusimulia yaliyobaki, akisimama, akionyesha kwa mikono. Nawaambieni, baadhi ya filamu nilizozipenda kuliko zote nilizimaliza hivyo, kwa simulizi ya jirani katika giza. Nilipokuja kuziona hadi mwisho nikiwa mkubwa, nilimkumbuka msimulizi kuliko mwigizaji.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaowadharau watafsiri wa filamu. Mnawajua. Kwetu Kenya tuna DJ Afro, ambaye huwafanya wapiganaji wa Hong Kong wazungumze kama watu wa stendi ya matatu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, jina lake kamili Derek Gaspar Mukandala, aliyekaa katika mabanda ya video akiwafasiria watu papo hapo kwa Kiswahili, na kanda alizoziingizia sauti zikasambaa. Hata Titanic aliifanya ikasikika kama tukio la pwani yetu. Kampala wana wale wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiluganda. Wasomi wengine husema watu hawa wanaharibu filamu, wanaongeza yasiyokuwemo. Kuongeza, wanaongeza kweli. Lakini msimulizi mzuri hakunyang'anyi filamu. Anakukaribisha ndani yake. Anakwambia huyu ni nani kwa huyu, kwa nini amekasirika, ana deni gani. Bila wao, kizazi kizima cha watu wa banda la video kingeona mateke tu.

Kule pwani mambo yalianza mapema zaidi, na yalikuwa ya fahari. Zanzibar walikuwa na majumba ya sinema kabla ya miji mingi ya Afrika kujua kitu hicho. Jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921. Baada ya kuungua miaka ya 1950 pakajengwa Majestic. Mombasa kulikuwa na Regal, Naaz na Majestic yake. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima kuhusu watazamaji wa sinema wa miji ya Tanzania, anaonyesha jinsi familia zilivyokwenda Jumapili zikiwa zimevaa na kujifukiza, na jinsi filamu moja ilivyozungumzwa wiki nzima barazani.

Filamu mojawapo iliyowashika watu wa pwani ilikuwa Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema. Anamfukuza mke wake mjamzito kwa kumshuku. Mtoto anazaliwa mtaani, anakua mhalifu, na siku moja anasimamishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kumuua jaji huyohuyo, ambaye ni baba yake mzazi. Katika filamu, jaji huyo aliigizwa na Prithviraj Kapoor, ambaye alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor kweli. Filamu hiyo ilipendwa India, ikapendwa Urusi ya wakati ule, Uturuki na China, na ikapendwa Zanzibar. Sishangai. Swali la kama damu ndiyo inayomfanya mtu kuwa alivyo ni swali ambalo kila ukoo wa pwani, na kila ukoo wa huku bara, umewahi kulizungumza usiku wakati wa posa.

Muziki wake nao ukahamia kwetu. Waimbaji wa taarabu wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa mbele yao, walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazivisha mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Mzee Bhalo alifariki mwaka 2014. Kwa njia yake kuna watu waliozipenda nyimbo za sinema ambazo hawakuwahi kuzitazama.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua filamu moja ya zamani ya kumwonyesha mkulima wa Uasin Gishu, nisingechagua Awaara wala Sholay. Ningechagua Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Radha, anayeigizwa na Nargis, ameolewa, na harusi yake ilifanywa kwa mkopo. Mkopo huo ulichukuliwa kwa mlanguzi wa kijiji ambaye anajua kuandika, na wao hawajui. Kila mavuno, sehemu kubwa inakwenda kwa mlanguzi, na deni halipungui. Mume anapondwa mikono na jiwe shambani, na kwa aibu ya kulishwa na mke anaondoka asirudi. Mafuriko yanakuja. Mama anabaki na watoto, analivuta jembe mwenyewe mahali pa ng'ombe.

Mtu aliyepanda mahindi kwa mbolea ya mkopo, akayavuna, akakaa na magunia akisubiri bei ipande, na riba ikimla usiku na mchana, huyo hahitaji mtafsiri. Filamu hii ilitengenezwa kabla Kenya haijapata uhuru, katika nchi ambayo wengi wetu hatutaiona, na bado ni filamu ya mashamba ya Moiben na Ziwa, huku kwetu.

Na mwisho wake! Mwana mpendwa wa Radha, Birju, anageuka jambazi kwa hasira ya deni lile. Anamuua mlanguzi, na sisi watazamaji tunakubaliana naye, hasira zetu ziko pamoja naye. Kisha anamteka binti wa mlanguzi. Mama anamwambia amwachilie. Anakataa. Mama anachukua bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe, kwa sababu heshima ya msichana wa kijiji ni heshima yake. Kisha anampakata akifa. Nimewahi kuutazama mwisho huo pamoja na akina mama wa rika la bibi yangu, nao walinyamaza kabisa, kisha mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yule hakuwa na njia nyingine. Mwingine akasema alikuwa nayo. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Filamu ikiweza kuwagawa hivyo watu waliokaa mkeka mmoja, miaka mingi baada ya kutengenezwa, hiyo haijazeeka.

Nizipitie nyingine kwa haraka. Enter the Dragon ya mwaka 1973 tuliipenda kwa sababu ya Bruce Lee, aliyefariki kabla haijaanza kuonyeshwa. Mwili wake kwenye pazia ulikuwa na maneno mengi kuliko midomo yake. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, imetafsiriwa katika lugha nyingi kuliko filamu yoyote duniani, na katika viwanja vya makanisa na shule ilikuwa kwa wengi filamu ya kwanza maishani. Sarafina! ya mwaka 1992 ilitufundisha maasi ya Soweto kuliko vitabu vya historia.

Kuna nyingine zinanipa taabu, na sitazificha. The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980 ilituvunja mbavu. Lakini ilitoka Afrika Kusini ya ubaguzi, na inamwonyesha Msani, kupitia mwigizaji N!xau, kama mtu asiyejua lolote la dunia wakati nchi yenyewe ilikuwa inawaminya watu wa aina yake. Out of Africa ya mwaka 1985 ilipigwa hapa Kenya, ikanyakua tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Ni nzuri kwa macho. Milima ya Ngong haijawahi kupigwa picha kwa mapenzi namna ile. Lakini sisi wenyeji tumo humo kama sehemu ya mandhari. Sisemi zisitazamwe. Zitazamwe, na mzazi akae karibu na mtoto amuulize: unaona nani anasema, na nani anabeba mizigo? Filamu ya zamani inaweza kuwa nzuri na ikawa na kosa, na mtoto mwenye akili anaweza kuyabeba yote mawili.

Sasa nije nyumbani.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Siku ileile, miaka arobaini na tisa nyuma, Sholay ilitoka. Ni sadfa tu, lakini naipenda. Na tarehe 14 Agosti, siku moja kabla ya hiyo katika kalenda, mwaka 2009, alifariki mtu wa mji huu ambaye anastahili kukumbukwa kila mwaka kwa filamu: mzee Kimani Ng'ang'a Maruge.

Mwezi Januari 2004, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo, mzee Maruge alikwenda Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapahapa Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Alikuwa amepigana katika Mau Mau. Alitaka kujua kusoma, ili asome Biblia mwenyewe. Mwalimu mkuu Jane Obinchu alimkubali. Mzee akavaa soksi ndefu na kaptura kama wenzake, akakaa dawatini, na akaingia katika kitabu cha rekodi za Guinness kama mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alifika New York, Umoja wa Mataifa, kuwaambia viongozi wa dunia kuhusu elimu. Kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamfukuza kwake kama zilivyowafukuza maelfu. Akaishi hemani, baadaye akahamia Nairobi, na huko pia akaendelea na shule.

Filamu yake, The First Grader, ilitoka mwaka 2010. Iliongozwa na Justin Chadwick, Mwingereza. Maruge aliigizwa na Oliver Litondo, mwanahabari wetu wa siku nyingi, na Naomie Harris akawa mwalimu Jane. Haikupigwa Eldoret. Ilipigwa kwingine katika Bonde la Ufa, na watoto wanaoonekana darasani ni wanafunzi halisi wa shule ya mashambani. Inaonekana. Hakuna mtoto aliyefundishwa uigizaji anayeweza kumtazama mzee kwa ule mshangao na ule ucheshi.

Nimewauliza vijana wa hapa mtaani kama wameiona. Wengi wamesikia habari za Maruge. Walioitazama ni wachache mno. Jambo hili linaniuma. Tuna filamu inayotuhusu, inayomwonyesha mzee aliyebeba mateso ya gereza la mkoloni akijifunza kusoma, na hatujaifanya yetu. Filamu haiwi ya kudumu kwa sababu ni nzuri tu. Hudumu kwa sababu watu fulani waliamua kuirudia. Wahindi wa Bombay waliirudia Sholay wakati wakosoaji wamekwisha kuizika. Wazanzibari waliirudia Awaara. Sisi tumeirudia nini kilicho chetu?

Kolormask ya Sao Gamba, ya mwaka 1986, ni miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kabisa kutengenezwa na Mkenya. Saikati ya Anne Mungai, ya mwaka 1992, ilimwonyesha msichana wa Kimaasai anayekataa kuozwa anataka masomo. Ni lini mara ya mwisho uliziona kwenye televisheni, msikilizaji? Ni wapi mwalimu wa sekondari atazipata akitaka kuwaonyesha wanafunzi?

Wenzetu wameliona tatizo. Filamu ni kitu kinachooza. Ukanda wake hukauka, hubadilika rangi, hushika ukungu. Hata Sholay, pamoja na umaarufu wote ule, ukanda wake wa asili ulikuwa umeharibika vibaya. Taasisi ya Film Heritage Foundation ya Mumbai ikashirikiana na familia ya Sippy, wakatafuta nakala zilizosalia, nyingine zikapatikana Uingereza, wakaisafisha, na mwezi Juni 2025 ikaonyeshwa katika uwanja wa wazi mjini Bologna, Italia. Safari hii ikiwa na mwisho ambao Sippy aliupiga mwanzoni na wakaguzi wa serikali wakaukataa: Thakur anamuua Gabbar mwenyewe, kwa miguu yake, badala ya polisi kufika na kumzuia. Na kwa Afrika, tangu mwaka 2017 taasisi ya Martin Scorsese, Shirikisho la Watengenezaji Filamu wa Afrika na UNESCO wana mpango wa kuzitafuta na kuzirekebisha filamu hamsini za bara hili. Hamsini ni chache kwa bara zima. Nyingine lazima tuziokoe wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa waziwazi. Kwa wakuu wa jiji letu jipya: kila tarehe 14 Agosti jioni, tundikeni pazia katika uwanja wowote wa Eldoret na muonyeshe The First Grader bila kiingilio, kwa ruhusa ya wenye filamu na kwa heshima ya mzee Maruge. Gharama yake haizidi ya mkutano mmoja wa hadhara. Kwa walimu wa Kapkenduiywo na shule jirani: waulizeni wanafunzi wenu kama wameiona. Kwa yeyote aliye na kanda au ukanda wa filamu ya Kenya ndani ya sanduku, hata kama hujui una thamani gani: usiuchome, usiutupe, upeleke Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka au chuo kikuu kilicho karibu nawe.

Na kwako mzazi, kwako shangazi, kwako mjomba unayenisikiliza: Jumapili hii chagua filamu moja uliyoipenda ukiwa mdogo. Waite watoto wa nyumba na wa jirani, wakae chini mbele yako. Usiruke nyimbo. Wakikuuliza kama steringi atakufa, usiwajibu. Kaeni mpaka mwisho.